Sadaka Kutoka Katika Deni

Soma Marko 7:9–13. Ni wajibu gani ambao watu hawa waliukwepa kwa jina la sadaka?

Tunaposikia kwamba mtu mashuhuri amefilisika, hukumu huwa tayari mdomoni: ni pombe, ni starehe, ni majivuno. Wakati mwingine ni kweli. Henry Rono, mwanariadha wa Nandi nchini Kenya, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Baadaye, huko Marekani, alikosa hata makazi, akabeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege ili apate riziki. Yeye mwenyewe aliandika wazi jinsi ulevi ulivyomwangusha. Kisa kama hicho hakitusumbui sana darasani. Tunatikisa vichwa, tunaendelea na swali linalofuata.

Kisa cha Joe Louis kinatusumbua zaidi. Bondia huyu Mmarekani mweusi alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1937 hadi 1949. Alizaliwa Alabama katika umaskini, na familia yake ilipohamia Detroit iliwahi kuishi kwa msaada wa serikali. Alipopata fedha, aliurudisha msaada ule. Mwaka 1942, nchi yake ikiwa vitani, alipigana Januari na tena Machi, na malipo yake akayatoa kwa mifuko ya misaada ya jeshi la majini na jeshi la nchi kavu. Mwaka huo huo akavaa sare, akawa askari wa kawaida.

Baada ya vita wakusanya kodi walimdai. Malipo yale aliyoyatoa yalihesabiwa kuwa kipato chake. Ni kweli pia kwamba alitumia kwa mkono mpana, alisaidia kila rafiki aliyemwomba, na biashara zake zilianguka. Riba na adhabu zikaongezeka mpaka deni likapita dola milioni moja. Mwaka 1950 alirudi ulingoni akiwa na miaka 36, akashindwa. Mwaka uliofuata Rocky Marciano alimpiga mpaka akaanguka nje ya kamba. Miaka yake ya mwisho alikaribisha wageni katika jumba la kamari la Las Vegas linaloitwa, ajabu kweli, kwa jina la Kaisari.

Je, alikosa? Tusiharakishe kumweka pamoja na watu wa Korbani. Hao walitamka neno takatifu ili wazazi wasipate kitu. Louis hakumnyima mtu yeyote kwa makusudi, na serikali iliyopokea kwa mkono mmoja na kudai kwa mkono wa pili haikumtendea kwa ukarimu. Nadhani ilimwonea. Hata hivyo deni halikufutwa na wema wake. Sehemu ya fedha ile, kwa sheria ya nchi, haikuwa yake kuitoa. Paulo, katika Warumi 13:7, 8, anataja kodi na ushuru kabla hajafika kwenye upendo, na sidhani kwamba mpangilio huo ni wa bahati tu.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme mfanyabiashara mmoja hapa Makandana anaahidi mabati arobaini siku ya changizo la kanisa. Tunampigia makofi, jina lake linasomwa mbele. Lakini vibarua waliomchumia chai wana miezi miwili hawajalipwa, mama anayemletea maziwa bado anaambiwa aje kesho, na risiti hatoi mpaka mteja agombane naye. Kodi anayoificha ni sehemu ya dawa zinazosubiriwa na mgonjwa katika hospitali ya wilaya iliyo papa hapa. Mabati yale yametoka kwa nani?

Zakayo, katika Luka 19:8, alitaja maskini na waliodhulumiwa kwa pumzi moja. Maskini aliwapa nusu ya mali yake. Waliodhulumiwa hakuwaambia kwamba atawapa sadaka. Aliwarudishia chao, mara nne.

Ikiwa wewe ni mzee wa kanisa au mhazini, na unajua habari za wale vibarua, utayapokea mabati hayo? Ukiyakataa, utamwambiaje ndugu huyo, na utamwambia faragha au mbele ya wale waliompigia makofi?