Je, Kutimiza Kipimo Kwatosha?

Huenda msomaji wetu aliyeko Mgololo, kati ya misitu ya misonobari na kiwanda cha karatasi, akashangaa tukimzungumzia bahari. Lakini maji ya Mgololo hayakomei Mufindi. Huteremka hata bonde la Kilombero, yakaingia Rufiji, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia.

Kila meli hukusanya maji ya ngama chini ya mitambo yake, nayo huchanganyika na mafuta. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1973, yaliyokamilishwa mwaka 1978 na kuanza kutumika mwaka 1983, yaamuru meli kubwa zitenge mafuta na maji kwanza, wala zisimwage maji hayo ikiwa mafuta yazidi sehemu 15 katika sehemu milioni moja. Ndiyo kusema, kadiri ya vijiko vitatu vya chai katika mapipa matano makubwa. Ni sheria njema, wala hatuidharau. Ila twauliza: nahodha aliyetimiza kipimo hicho, je, hana tena deni?

Wako wasemao hana, kwa kuwa bahari hujisafisha. Neno hili lina ukweli ndani yake. Wataalamu wametambua bakteria waishio kwa kula mafuta, na mafuta yajapo huongezeka upesi. Lakini hawafanyi kazi hiyo bure. Hutumia oksijeni, naitrojeni na fosforasi, ambavyo viumbe wengine wavihitaji pia. Wao wakistawi, wengine hupungua. Na miongoni mwa wawezao kudhurika mna mimea midogo mno ieleayo majini, iliyo chakula cha kwanza cha bahari. Tena penye tope lisilo na hewa kazi yao hupooza sana. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Mombasa, katika hori ya Makupa, yakaua mikoko. Mafuta yaliyozama katika tope la namna ile hukaa miaka mingi.

Zaidi ya hayo, sheria hupima kila meli peke yake, hali bahari yapokea za meli zote pamoja. Kila nahodha aweza kuwa na cheti safi, na madhara yakawapo. Hatuna wa kumshitaki. Lakini kukosa hatia mbele ya sheria si sawa na kutodhuru.

Watu wa Mgololo waweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi wa pwani. Kiwanda cha karatasi chawahitaji bakteria vile vile. Maji yenye mabaki ya miti hupitishwa katika mabwawa yenye kutiwa hewa, vijidudu wakayala mabaki hayo. Yakienda mtoni kabla ya hapo, vijidudu wa namna hiyo hiyo watamaliza oksijeni ya mto, na samaki watakosa pumzi. Kazi ni ile ile. Tofauti ni mahali ilipofanyiwa, na nani aliyelipa.

Kwa hiyo twaona kwamba meli iwezayo kuyatunza maji yake ya ngama na kuyakabidhi bandarini yapaswa kufanya hivyo, hata kama kipimo chairuhusu kumwaga. Nazo bandari zapaswa kuwa na mahali pa kuyapokea, kwa bei isiyomfukuza nahodha. Na fundi wa gereji, katika njia ya magari ya magogo, amwagaye oili chafu mtaroni?  Pipa lenye kifuniko lingemtosha.