Kabla ya Kuvaa Glovu

Wajukuu zangu wa Kiwangwa, nasikia baadhi yenu mmechoka kubeba mananasi hadi barabara ya Msata, mnataka ngumi za kulipwa. Siwakatazi. Hassan Mwakinyo alitoka Tanga, na Septemba 2018 akamshinda Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili, kulekule Birmingham. Ila nijibuni kwanza: ukitolewa ulingoni umebebwa, nani analipa hospitali?

Mtasema promota. Imeandikwa wapi? Wala msiutegemee Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huo ulioanza kazi 2015 humlipa mwajiriwa aliyeumia kazini, na mchango huutoa mwajiri wake. Wewe uliyesaini pambano moja, mwajiri wako nani? Promota atasema alikuandalia pambano tu. Meneja naye hujitokeza siku ya kugawana pesa.

Halafu maumivu. Bega limevimba, pambano wiki ijayo, mtu wa kambini anakuletea vidonge vya tramadol ndani ya kipande cha gazeti. Tramadol ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Inanyamazisha maumivu, nawe unazidi kulichana bega usilolisikia. Ukishaizoea, siku ukiikosa unatoka jasho, mwili unauma, usingizi hauji. Ndiyo arosto hiyohiyo ya teja wa unga mnayemcheka pale Bagamoyo.

Wala msidhani vidonge huwanasa wasio na kitu tu. Mkanada Derek Boogaard alicheza hoki ya barafuni Marekani, na kazi yake kubwa ilikuwa kupigana ngumi ili wenzake wasiguswe. Alikufa Mei 2011, ana miaka 28, kwa pombe iliyochanganyika na oksikodoni, dawa ya maumivu. Familia iliishtaki ligi, ikidai madaktari wa timu walimpa vidonge kupita kiasi. Mahakama ya Chicago iliitupa kesi 2017, na rufaa ikashindwa mwaka uliofuata. Hao walikuwa na mawakili na mkataba wa mamilioni! Wewe mwenye ahadi ya mdomo utamshtaki nani?

Aliyekwisha kunasa asijifiche. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011, na haiuzwi. Wa vidonge naye aende hospitali, aseme kweli anameza nini na vingapi.

Na mkataba ukija kwa Kiingereza, mpelekeeni mwalimu ausome wote, hasa kifungu cha matibabu. Promota akinuna, anune.