Nyonga ya Chuma Iliyokula Nyama

Nyonga bandia ya ASR iliyotengenezwa na DePuy, kampuni tanzu ya Johnson & Johnson, iliingia sokoni mwaka 2003 ikiwa na sifa kubwa. Kichwa na kikombe chake vyote vilikuwa vya kobalti na kromiamu, na wengi waliamini kuwa chuma kwa chuma kitadumu kuliko plastiki. Mwaka 2005 Marekani nayo iliruhusu aina yake moja bila kudai ijaribiwe kwanza kwa wagonjwa, kwa hoja kwamba inafanana na zilizokuwapo.

Kasoro ilikuwa kwenye kikombe. Kilitengenezwa kifupi, hakikufika nusu duara, ili mguu ugeuke kwa uhuru zaidi. Kikipachikwa kimeinama kupita kiasi, kichwa kiliegemea ukingo, ute unaolainisha kiungo ukatoweka hapo, na kila hatua ya mgonjwa ikawa inakwangua chuma. Unga wake haukuonekana kwa macho, lakini madaktari waliorudia upasuaji walikuta majimaji machafu, nyama zimegeuka kijivu, na misuli imekufa kuzunguka nyonga ambayo mwenyewe alikuwa akilalamika tu kwamba kinena kinamuuma.

Kinachoniumiza ni kwamba dalili zilikuwapo. Sajili ya viungo bandia ya Australia ilikwisha kuonyesha mwaka 2007 kwamba upasuaji wa ASR unarudiwa mara nyingi kuliko wa nyonga nyingine. Kampuni ikasema tatizo ni namna madaktari wanavyoipachika. Iliondolewa duniani kote Agosti 2010, ilipobainika Uingereza kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanane amepasuliwa tena ndani ya miaka 5. Kufikia hapo watu wapatao 93,000 walikuwa wameshawekewa.

John Charnley, bingwa wa nyonga wa Uingereza, naye alikosea: vikombe vyake vya Teflon vya miaka ya 1950 vililika upesi. Ila yeye aliwafuatilia wagonjwa wake, akaona, akaiacha Teflon, akawafungua tena kwa mikono yake.

Ndugu msomaji, ukiwekewa nyonga, iwe hospitali ya Muhimbili au India, omba jina la kifaa na namba yake ya toleo, uviandike. Kama ni ya chuma kwa chuma, mwambie daktari apime kobalti kwenye damu, hata kama huumwi.