Si Tulichanga?

Swali lilitumwa kwenye grupu ya mchango, ambako watu wa Kibera na ndugu zao wa Kawangware wamewekwa pamoja: "Si tulichanga? Mbona hii kitu imerudi?" Aliyeuliza hana roho mbaya. Ni fundi viatu, na shilingi mia mbili kwake ni chakula cha jioni.

Kitu chenyewe ni uvimbe wa thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo. Utotoni tezi hii hukomaza chembe za kinga. Mtu akikua, husinyaa. Uvimbe wake ni nadra, na mara nyingi hukua polepole. Upasuaji ndio tiba kuu. Lakini hata ukiondolewa wote, unaweza kurudi baada ya miaka mingi, mara nyingi kwenye utando unaozunguka mapafu. Ikionekana unaweza kutolewa wote tena, daktari anaweza kupasua mara ya pili. Isipowezekana, kuna mionzi na dawa za saratani.

Kwa hiyo fundi anauliza jambo kubwa: msaada usiomaliza shida ulikuwa msaada kweli? Nasema ndiyo. Hapa tunanunua maji kwa mtungi, na hakuna anayesema maji ya jana yalipotea bure kwa sababu leo ana kiu. Katika ile miaka ya katikati, jirani yetu aliuza sukuma wiki, akasomesha watoto, akachangia mazishi ya wengine. Hiyo ndiyo tuliyoinunua.

Hata hivyo, fundi asinyamazishwe. Mchango si kodi. Kutoka Kibera hadi Hospitali ya Kenyatta mtu anaweza kutembea. Kinachomshinda ni gharama, na kila nyumba ina mgonjwa wake. Asiyeweza kutoa asihesabiwe mchoyo.

Ninachoogopa ni kingine. Tumebishana siku tatu kuhusu kifua cha mama huyu, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kupasuliwa tena. Mtu aliyesaidiwa sana huona aibu kukataa, na huona aibu vilevile kuomba. Shukrani ikimfunga mdomo, tumemnunua.

Tuna haki ya kuuliza pesa ziliendaje, hadi shilingi ya mwisho. Lakini kama kisu kirudi au kisirudi, aamue yeye na daktari wake. Mimi nitatuma nilichonacho, na akisema hapana, zimlipie nauli ya kliniki na dawa za maumivu.