Betri Ndiyo Gari, Wanangu

Wanangu, hili la magari ya umeme nimeshalisema barazani, nimelisema harusini nilipovutwa pembeni nikaulizwa, na nimelisema kwa simu usiku wa manane na vijana wanaotaka niwajibu "ninunue au nisinunue" kabla mnada wa Japani haujafungwa. Nitalisema tena, na nitalisema polepole, kwa kuwa bado nawaona mnanunua gari la umeme kwa macho yale yale mliyonunulia Vitz na Probox za mafuta. Mnatazama mwaka. Mnatazama kilomita. Mnafungua mlango mkagusa viti, mnapiga magoti kuangalia kutu, mnapandisha boneti na kutikisa vichwa kana kwamba kuna injini ya kusikilizwa. Kisha mnalipa. Betri, ambayo ndiyo inayobeba thamani ya gari lote, hamkuiuliza wala hamkuipima.

Tuanze na Nissan Leaf, maana ndilo lililowafikia wengi wenu. Lilianza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010, na betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24. Betri ile haina maji ya kuipoza. Imefungwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu, na joto lililoingia humo hutoka lenyewe, taratibu. Joto ndilo linalozeesha betri za namna hii. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, mji wa jua kali, walilalamika kwamba betri zao zimepungua nguvu kabla ya wakati, na baada ya malalamiko hayo Nissan ikaweka dhamana ya uwezo wa betri, miaka 5 au maili 60,000. Sasa lichukue gari la aina hiyo, lililokwisha tumika miaka kadhaa ughaibuni, ulianike juani Februari nzima pale Changamwe, Mombasa, likisubiri mteja. Rangi itang'arishwa na viti vitasafishwa. Betri haing'arishwi.

Ukiwasha Leaf la kizazi kile, tazama ukingo wa kulia wa dashibodi. Utaona safu mbili za vipande vinavyopanda. Ile ndefu inaonyesha chaji uliyonayo leo, na hiyo ndiyo wengi wenu mnayoitazama. Pembeni yake kuna vipande vidogo vyembamba, 12 gari likiwa jipya, na hivyo ndivyo vinavyokwambia betri imebaki na uwezo gani. Kipande cha kwanza kikizimika, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Kila kinachofuata ni asilimia 6 na kidogo. Wajapani wenyewe huandika idadi ya vipande kwenye matangazo ya kuuza Leaf. Kama walioliunda wanahesabu vipande, ninyi mnahesabu nini?

Chukua gari lenye vipande 8. Lilipokuwa jipya lilikwenda kilomita 117 kwa kipimo cha Marekani. Sasa limebakiwa na kilomita sabini na kitu, na hizo ni kabla hujafungua kiyoyozi. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kama kilomita 60. Utafika, alhamdulillahi. Kurudi itabidi mwenyeji wako akupe soketi na kitanda. Gari hilo hilo kwa mwalimu anayekaa Bamburi na kufundisha Nyali ni neema, kwa kuwa halinywi mafuta wala halidai kubadilishwa oili, na atalichaji usiku amelala. Kwa hiyo sisemi gari lenye vipande 8 ni baya. Nasema lina bei yake, na bei hiyo si ya gari lenye 12.

Na vipande pia msiviamini peke yake. Kuna mafundi wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta inayosimamia betri, na gari likaamka na vipande 12 kama lililotoka kiwandani jana. Mteja anafurahi, analipa, halafu kadiri anavyoliendesha kompyuta inajifunza upya hali ya betri, na vipande vinaanza kuzimika kimoja baada ya kingine. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mgonjwa. Dawa yake ipo na ni rahisi. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, na programu ya simu iitwayo Leaf Spy inayosoma afya ya betri kwa asilimia na kuonyesha kila seli ina volti ngapi. Seli moja ikiwa imelala chini ya wenzake wakati gari linapanda mlima, utaiona. Kisha liendeshe wewe mwenyewe, kutoka Nyali hadi Mtwapa na kurudi, ukitazama chaji inavyoshuka. Muuzaji akikataa kupimwa, mshukuru na uende zako. Usibishane naye.

Sasa nije kwenye linalowaumiza zaidi, siku ya kuuza. Nawasikia mkisema nimelinunua juzi, halina mkwaruzo, mbona wenye yadi za magari wananipa bei ya kunidhalilisha nikitaka kubadilisha na kuongezea pesa? Wanangu, bei ya gari kuukuu haipangwi na usafi wake tu. Inapangwa na bei ya gari jipya linalofanana nalo. Kwa hesabu za BloombergNEF, mwaka 2010 betri za lithiamu ziligharimu kwa wastani zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa. Mwaka 2024 wastani huo ulikuwa dola 115. Betri mpya ikishuka hivyo, gari jipya linashuka bei au linakwenda mbali zaidi kwa bei ile ile, na lako la zamani litavutwa chini nalo hata kama ulilifunika kwa turubai usiku kucha.

Angalieni yaliyotokea Marekani Januari 2023. Tesla ilishusha bei ya Model Y ya masafa marefu kutoka dola 65,990 hadi 52,990. Aliyenunua Desemba alilala na mali na kuamka amepungukiwa dola 13,000, na gari halikuwa limetoka nje ya geti. Kampuni ya kukodisha magari ya Hertz, iliyokuwa imetangaza mwaka 2021 kwamba itanunua Tesla 100,000, ilitangaza Januari 2024 kwamba inauza magari ya umeme yapatayo 20,000, na hasara ya kushuka thamani ya magari hayo waliiandika kuwa dola milioni 245. Hao ni watu wenye wahasibu na wanasheria. Wewe una mshahara mmoja na ada ya watoto watatu.

Ndiyo maana nawasihi, na hapa nasihi kwa moyo wangu wote: msichukue mkopo wa miaka mitano kununua gari la umeme ambalo mnapanga kuliuza baada ya miwili. Deni linashuka kwa mwendo wa malipo ya kila mwezi, gari linashuka kwa mwendo wa viwanda vya China, na mwendo huo wa pili ni mkali zaidi. Kijana atafika yadi akitaka kubadilisha, aambiwe gari lake halitoshi kulipa deni lililobaki. Atatakiwa atoe pesa mfukoni ili aruhusiwe kuliuza gari lake mwenyewe. Nimeona ndoa zikitikisika kwa jambo dogo kuliko hilo. Ukiwa na fedha taslimu na nia ya kulitumia gari mpaka lichakae, hapo nunua, tena nunua lililotumika, kwa sababu aliyelinunua likiwa jipya ndiye aliyebeba anguko kubwa la bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo yanayoshuka bandarini siku hizi ni Leaf za betri kubwa zaidi, ile ya kilowati-saa 40 iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017. Zile za 24 zinazozunguka mitaani zimeshapita mikono mingi. Ulizeni kila mkono.

Lakini na wenye yadi nao wanisikilize, maana lawama si za wanunuzi pekee. Mnawapa watu bei za chuma chakavu kwa sababu mnaogopa kitu msichokijua. Mnasema betri itakufa mwakani. Kampuni ya Geotab, inayofuatilia mwenendo wa magari kwa kompyuta, ilitoa takwimu mwaka 2024 kutokana na maelfu ya magari ya umeme, ikaona betri zinapoteza kwa wastani asilimia 1.8 kwa mwaka, na magari yenye betri zinazopozwa kwa maji yanadumu vizuri kuliko yasiyopozwa. Nunueni kifaa cha kupimia. Fundisheni kijana mmoja kukisoma. Mkiletewa gari ambalo afya ya betri yake ni asilimia 88, lipeni pesa ya asilimia 88, na mkiliuza waonyesheni wateja kipimo hicho hicho. Dini imetufundisha kwamba anayeuza aeleze ila ya mali yake kabla hajapokea pesa, na betri iliyochoka ni ila kama ilivyo gia inayopiga kelele. Soko la Probox lina imani kwa kuwa kila fundi wa Magongo analijua gari lile hadi bolti ya mwisho. Soko la umeme litapata imani hiyo siku mtakapoacha kuficha.

Neno kwa ndugu zetu walioko Uingereza, wanaopenda kututumia magari kwa kuwa usukani wao uko upande wetu. Miaka ya nyuma, Renault Zoe nyingi huko ziliuzwa betri ikiwa ya kukodi, na baadhi ya Leaf pia. Mwenye gari alimiliki bodi na magurudumu, na betri ikabaki mali ya kampuni, ikilipiwa kila mwezi. Ukiliona Zoe bei poa Birmingham, kabla hujafurahi uliza karatasi ya betri. Ukilinunua bila kuuliza, umenunua mkataba wa mtu, na huwezi kuipandisha mali ya kampuni melini ukampelekea mjomba Likoni. Angalieni na soketi ya kuchajia kwa kasi. Leaf za vizazi viwili vya kwanza zinatumia CHAdeMO ya Kijapani, na Nissan yenyewe ilipolitoa gari lake jingine la umeme, Ariya, kwa ajili ya Ulaya na Marekani iliweka soketi ya CCS. Soketi inayoachwa na wenyewe itapunguza bei ya gari siku ya kuuza, hata kama betri ni nzima.

Na wewe uliyeniandikia wiki hii kwamba una Leaf la vipande 7, kwamba yadi tatu zimelikataa na sasa unataka kumpa dalali kwa bei yoyote. Tulia, mwanangu. Usiuze kwa hasira. Gari lako bado linapeleka watoto shule na kurudi, na hiyo ni nauli unayoiweka kibindoni kila siku. Litumie mpaka lishindwe safari zako za mjini. Likishindwa, usiliuze zima kwa mtu wa vyuma. Ndani ya betri ile mna moduli 48, na nyingi kati yake zitakuwa bado na uwezo wa kushika umeme wa sola wa kuwasha taa na friji nyumbani, au wa kumsaidia mwenye Leaf mwingine ambaye moduli zake mbili tatu zimekufa. Japani, kwenye mji wa Namie mkoani Fukushima, tangu 2018 kuna kiwanda kinachofanya kazi hiyo hiyo ya kuzipima moduli kuukuu na kuzirudisha kazini, kwa hiyo si ubahili wa mzee. Ila usifungue sanduku lile mwenyewe, na usimruhusu jirani mwenye bisibisi. Ni volti zaidi ya 300, na zinaua. Mtafute fundi mwenye glavu za mpira za umeme mkubwa, anayejua kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri kabla hajagusa kitu, na mkubaliane kwamba kila moduli itapimwa mbele yako na kuandikwa namba kabla bei haijatajwa.