Robeson na Filamu Aliyoikana

Je, msanii ahukumiwe kwa kazi iliyogeuziwa maana mikononi mwa wengine? Swali hili hunijia kila nimfikiriapo Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito, aliyesomea sheria kabla ya kuwa mwimbaji na mwigizaji.

Mwaka 1935 ilitoka Uingereza filamu ya Sanders of the River. Robeson alicheza kama Bosambo, chifu wa Kiafrika. Jomo Kenyatta naye, akiishi London wakati huo, alionekana humo katika nafasi ndogo. Robeson alitumaini filamu ingeonyesha utu wa Mwafrika. Kumbe! Ilipokamilika ikawa sifa tupu kwa mkoloni, na Bosambo mtiifu wake. Robeson akaikana.

Wapo wasemao, eti hana kosa, alidanganywa. Mimi sikubali upesi hivyo. Sura ni yake, sauti ni yake, na filamu ipo hadi leo; kuikana hakukuifuta. Lakini wanaomtupa nao siwaungi mkono. Baada ya Tales of Manhattan, 1942, hakurudi tena kuigiza Hollywood. Na serikali ya Marekani ilipomnyang'anya pasipoti mwaka 1950 kwa sababu ya siasa zake, hakunyamaza ili arudishiwe. Aliipata 1958.

Majuto ya mdomo ni rahisi, bwana. Yeye alikubali kukosa tonge. Kwa hiyo, ndugu mwandishi mwenzangu, kabla hujatia sahihi, hebu uliza: neno la mwisho ni la nani?