Chama cha Wenye Redio ni cha Nani?

Tarehe 30 Januari 2018 nilikuwa kwa kinyozi, Busia upande wa Kenya. Runinga ilikuwa haina picha. Serikali ilikuwa imezima Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kuonyesha Raila Odinga akiapishwa Uhuru Park. Kinyozi alichukua redio yake ndogo akatafuta kituo cha Tororo, maana mawimbi hayaonyeshi pasipoti mpakani. Mzee aliyekuwa akingoja zamu akauliza, "Hawa wenye stesheni si wana chama? Kinafanya nini?"

Chama kipo. Kenya kuna Chama cha Wamiliki wa Vyombo vya Habari, na Uganda wenye redio na televisheni wana chama chao cha kitaifa. Vyama hivi hujadiliana na serikali kuhusu leseni, ada na masafa. Hakuna ubaya hapo. Hata wa bodaboda pale steji wana chama cha kutetea riziki yao.

Tofauti ni kwamba pikipiki ni mali ya mwenyewe, lakini masafa ni mali ya umma yaliyoazimwa. Kwa hiyo anayeyatumia ana deni kwa msikilizaji, na chama chake hakiwezi kusema kinawajibika kwa wanachama tu.

Je, deni hilo hulipwa? Februari 2015 runinga hizo hizo zilipotea hewani kwa karibu wiki tatu, katika mvutano na mamlaka ya mawasiliano kuhusu kuhamia dijitali. Wamiliki walitaka kurusha matangazo kwa mitambo yao wenyewe. Walizungumza kwa niaba ya mtazamaji, ila sikumbuki mtazamaji akiulizwa. Mwaka 2018 aliyekwenda mahakamani, akapata amri ya tarehe 1 Februari ya kufungua vituo, alikuwa mwanaharakati Okiya Omtatah, ambaye hana stesheni hata moja.

Ng'ambo ya mpaka mtihani ulikuwa mgumu zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliamuru vituo 13 viwasimamishe kazi wahariri na watayarishaji wa vipindi, baada ya vituo hivyo kutangaza habari za Bobi Wine. Tazama adhabu ilipoangukia. Mwenye leseni anabaki na leseni, na mfanyakazi ndiye anayekwenda nyumbani. Akimtoa mtu wake ili kituo kiendelee kupata matangazo ya biashara, je, amekosa? Wengine watasema hapana, kwa kuwa kituo kikifungwa wote wanakosa mshahara. Nakubali kwamba hoja hiyo ina uzito kwa mmiliki aliye peke yake. Lakini chama kiliundwa ili asiwe peke yake. Vituo 13 vikikataa kwa pamoja, tume italazimika kuvifunga vyote mchana kweupe, na gharama ya kufanya hivyo si ndogo. Kila mmoja akitii kivyake, chama kimebaki kuwa cha kupunguza ada.

Yule mzee hakujibiwa siku ile. Kinyozi aliongeza sauti, na taarifa kutoka Tororo ikaendelea, kwa lugha ambayo nusu yetu tuliielewa.